KALAMU YA KARANI: Mjusi Aliyezima Friji ya Chanjo

Leo ninayo habari ambayo ningependa kuificha, maana mwenye kosa ni mimi mwenyewe. Lakini mtu akificha kosa lake, jirani yake hulirudia. Basi afadhali niseme.

Nguzo za umeme zimefika barabarani, lakini ofisi ya parokia yetu na zahanati iliyo karibu nayo bado zatumia umeme wa jua. Paneli ziko juu ya bati. Betri ziko katika chumba cha stoo, na ukutani limetundikwa lile sanduku ambalo mafundi huliita inveta. Kazi yake ni kuugeuza umeme wa betri uwe kama ule wa nguzo, ili taa, kompyuta ya ofisi na friji ndogo ya zahanati vipate kufanya kazi.

Ijumaa moja usiku taa zilizimika ghafla. Nikasema moyoni, "Betri zimechoka, kesho jua litazijaza." Nikalala. Asubuhi, saa mbili, Sista wa zahanati akaja mbio.

"Mwalimu, friji imezimika tangu usiku! Kipimajoto kinaonyesha digrii 15."

Yafaa mjue kwamba chanjo za watoto zikiwa zahanati hutunzwa katika baridi ya digrii 2 mpaka 8. Zikipata joto nguvu zake hupungua, wala hazirudi kwa kuzipoza tena. Vichupa vingi vina kibandiko chenye mraba mdogo ambao hubadilika rangi kwa joto, ili mganga ajue kama dawa bado ni nzima. Sista akazitenga zote, akapeleka habari wilayani. Nje walikuwa wamekaa akina mama na watoto wao, wengine wametoka vitongoji vya mbali tangu alfajiri. Wakaambiwa, "Rudini nyumbani, mje juma lijalo." Nilimwona mama mmoja akimfunga tena mtoto mgongoni bila kusema neno. Kimya kile kiliniuma kuliko kama angenitukana.

Fundi alifika adhuhuri. Ni mzee mwenye mvi, na mkoba wake wa vyombo ni wa siku nyingi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Haya, tumtazame mgonjwa."

Akazima swichi ya paneli, akazima na ya betri, kisha akaketi kwenye kigoda. Nikamwuliza, "Mbona hufungui?"

Akajibu, "Sanduku hili hubaki na umeme tumboni hata likisha kuzimwa. Mwenye haraka hulala chini. Ngoja litulie."

Baadaye alipolifungua, tuliona mjusi wa nyumbani amekauka, kichwa kimegusa chuma kimoja na mkia umegusa cha pili. Alikuwa mweusi kama kaa. Chini ya kibao cha umeme palikuwa na udongo laini na mayai ya sisimizi, na kila pembe mavi ya mende kama majani ya chai.

Fundi akasema, "Mwizi wako ndiye huyu. Lakini mwizi huingia kwa mlango. Mlango uko wapi?"

Nikanyamaza, maana mlango niliujua. Miezi kadhaa nyuma tuliongeza waya, na chini ya sanduku likabaki tundu la upana wa kidole gumba. Niliambiwa nitafute kifuniko. Nikasema, "Nitaziba kesho." Kesho hiyo haikufika. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami ukuta nimeujenga, tena kwa fedha za watu wote. Inveta mpya ilinunuliwa kwa fedha zilizokuwa zimewekwa kwa madawati ya watoto wa chekechea. Kifuniko kile cha mpira bei yake haifiki ya kilo moja ya sukari.

KWA NINI WANAPAPENDA

Nilimwuliza fundi kwa nini viumbe hawa waache msitu mzima waje kukaa ndani ya umeme. Akanihesabia kwa vidole. Kwanza, mna joto. Pili, mna giza. Tatu, ni pakavu hata masika. Nne, pana amani. Hakuna kuku wala paka awezaye kuingia humo. Tano, chakula ki karibu. Taa huita wadudu, wadudu humwita mjusi. Gunia la mahindi humwita panya. Basi mwenye kuweka betri katika chumba kimoja na mahindi, kama tulivyofanya sisi, amewapa panya nyumba na chakula pamoja.

Mjusi hadhuru kwa ubaya wake. Mwili wake una maji na chumvi, na umeme hupita humo. Akigusa vyuma viwili ambavyo havikupaswa kukutana, yeye huwa daraja. Umeme hupita kwa nguvu, cheche hutoka, mjusi hufa, na chombo huungua.

Mende huacha mavi na mizoga, na hivyo vikipata unyevu hupitisha umeme polepole pasipotakiwa, na vyuma huanza kuliwa na kutu. Sisimizi huingia katikati ya midomo ya swichi, wakabanwa humo, hata swichi isiweze kukutana. Huko kusini mwa Marekani kuna sisimizi wakali waliotoka Amerika ya Kusini. Mmoja akipigwa na umeme hutoa harufu ya kuita wenzake. Wenzake wakija nao hupigwa, nao huita wengine, hata sanduku likajaa mizoga. Nyigu wa matope hujenga katika matundu ya kupitishia hewa, na chombo kikikosa hewa huchemka. Mchwa nao huweza kutoboa ngozi ya waya zilizofukiwa ardhini.

Lakini wa kuogopwa kuliko wote ni panya. Watu husema panya hutafuna waya kwa kuwa apenda utamu wa plastiki. Haja yake kubwa ni nyingine. Meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka kama yasingesagika. Kwa hiyo hana budi kutafuna kila siku, na waya kwake ni kama tupa. Akisha kuivua waya ngozi yake, shaba hubaki uchi. Waya mbili zilizo uchi zikikutana hutoa cheche, na cheche ikiangukia makuti, magunia au vumbi la dari, nyumba huwaka watu wakiwa usingizini. Tena mtoto akiishika waya ile, umeme wa nguzo wa volti 230 waweza kumwua. Ndiyo maana nasema habari hii si ya vyombo tu.

SI SISI PEKE YETU

Msidhani haya huwapata watu wa vijijini tu. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, mashine kubwa ya kuhesabu iitwayo Mark II ilikuwa ikikosea. Wenye kuitunza wakatafuta, wakamkuta nondo amebanwa katika mojawapo ya swichi zake. Wakambandika kwa utepe katika daftari la kazi, na daftari hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Washington. Hadi leo wasemao Kiingereza kosa la kompyuta huliita "mdudu", ingawa mafundi walikuwa na neno hilo tangu siku za Thomas Edison.

Desemba 1987, kindi mmoja, mnyama wa jamii ya panya apandaye miti, alikata umeme wa mashine za soko la hisa la Nasdaq. Biashara ya matajiri wa Marekani ikasimama dakika 82 kwa ajili ya mnyama mmoja mwenye mkia wa manyoya.

Machi 2013, katika kituo cha nyuklia cha Fukushima nchini Japani, ambacho kilikuwa kimeharibiwa na tsunami miaka miwili kabla, panya aliingia katika sanduku la umeme la muda. Mashine za kupoza mabwawa ya fueli zikasimama, na zaidi ya siku nzima ikapita kabla ya zote kufanya kazi tena.

Na hapa jirani, tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana nchini Kenya. Akaanguka juu ya transfoma. Ikazimika, mashine nyingine zikaelemewa, zikapotea megawati zaidi ya 180, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona!

Nawapa habari hizi nisije nikaonekana mjinga peke yangu. Lakini zaidi nataka mwone kwamba wenye fedha na walinzi nao hushindwa na kiumbe kidogo, palipobaki njia ya kupita.

YASIYOFAA

Kabla ya kueleza yafaayo, acheni kwanza haya, maana nimeyaona katika nyumba nyingi.

Usipulizie dawa ya wadudu ndani ya chombo cha umeme. Makopo mengi ya dawa husukumwa kwa gesi iwakayo. Cheche moja tu yatosha. Wala usipake mafuta ya taa katika soketi au nyuma ya friji, kwa sababu hiyo hiyo.

Usitie ndani yake zile tembe nyeupe za kufukuzia nondo. Mvuke wake si mzuri kwa watu, na watoto hudhani ni peremende. Kwa watoto wengine wenye upungufu fulani wa damu wa kuzaliwa, sumu ile huvunja chembe za damu.

Usitegemee sumu ya panya. Panya akila sumu huenda kufia mahali pa siri, labda ndani ya sanduku lile lile. Kuku au paka akimla panya huyo naye yu hatarini, na mtoto akiiokota sumu ni msiba. Mtego ni bora, na paka ni bora vile vile, mradi asipewe ugali mwingi hata akasahau kazi.

Usizibe matundu ya hewa kwa matambara. Chombo cha umeme chapumua. Ukikiziba pua kitachemka. Hapa nasema na akina mama. Vile vitambaa vizuri vya kufuma mnavyofunika juu ya redio na televisheni, viondoeni kabla ya kuwasha. Chombo kikisha kuzimwa na kupoa, kifunikeni, hapana neno. Hata vumbi litapungua.

Na kubwa kuliko yote, usifungue chombo mwenyewe. Inveta, televisheni za zamani zenye mgongo mrefu, na majiko ya umeme ya mawimbi huweka umeme tumboni hata vikiwa vimechomolewa. Kufungua ni kazi ya fundi. Kazi yetu ni kuziba njia za nje na kuweka usafi, na hiyo peke yake ni kazi kubwa.

YAFAAYO

Kwanza, pima tundu kwa penseli. Fundi alinifundisha jambo hili, na tangu siku ile penseli yangu ina kazi mbili. Kipanya cha nyumbani hupita katika tundu la milimita 6 au 7, yaani ambamo penseli hupenya. Panya mkubwa hupita katika tundu la milimita 12 au 13, karibu sawa na ncha ya kidole kidogo. Akipitisha kichwa, mwili wote hufuata. Kwa hiyo usiseme, "Tundu hili ni dogo, panya haingii." Chukua penseli, ikipita, ziba.

Pili, jua cha kuzibia. Karatasi, matambara, sabuni na povu la plastiki panya huvitafuna usiku mmoja. Tundu la ukutani lizibwe kwa saruji. Kama ni kubwa, shindilia kwanza zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ambazo wengi huziita stilwaya, kisha paka saruji juu. Lakini shika sana neno hili: stilwaya ni chuma, hupitisha umeme, tena huwaka. Itumie katika ukuta mtupu tu. Isiwe kamwe karibu na waya, swichi au betri.

Tatu, mahali waya unapoingia katika sanduku pawe na kibanio cha mpira kinachoukumbatia waya pande zote, na tundu lisilotumika liwe na kifuniko. Fundi akimaliza kazi kwako, usimlipe kwanza. Zunguka naye, mwonyeshe kila tundu, umwambie, "Na hili je?" Fundi mwema hatakasirika.

Nne, soma kibandiko cha chombo kabla ya kununua. Mara nyingi utaona herufi IP na tarakimu mbili, kama IP20 au IP65. Tarakimu ya kwanza ni ya vitu vigumu na vumbi, ya pili ni ya maji. Ya kwanza ikiwa 2, chombo chazuia kitu cha unene wa milimita 12.5, yaani kidole cha mtu. Hapo mjusi na kipanya hupita wakicheka. Ikiwa 4, chazuia hata kitu cha milimita 1. Ikiwa 6, hata vumbi haliingii. Inveta yetu ya kwanza ilikuwa IP20, nami kwa miaka mingi nilidhani ni jina la kiwanda! Tena kumbuka kwamba hata sanduku la IP65, ukilitoboa tundu jipya la waya ukaliacha wazi, ile 65 si kitu tena.

Tano, kama chombo ni cha matundu mengi, jenga kibanda cha wavu kukizunguka, pasipo kukigusa. Fanya fremu, uiweke wavu wa chuma pande zote, iwe mbali na chombo kadiri maelezo ya kiwanda yanavyotaka, ili hewa ipite. Wavu wa kuku haufai. Macho yake ni makubwa. Kwa panya, macho ya wavu yasizidi milimita 6. Kwa mjusi na mende, tumia wavu wa mbu wa chuma. Wavu huo mwembamba hushika vumbi upesi, basi usuguliwe kwa brashi kavu kila mwezi. Fremu ya chuma fundi aiunganishe na waya wa ethi, ule unaokwenda ardhini. Betri za maji ya asidi zisifungiwe katika sanduku lisilo na hewa hata kidogo, maana zinapojazwa hutoa hewa iwakayo.

Sita, tenga umeme na chakula. Sisi tumehamisha mahindi kutoka stoo ile, tukayaweka katika mapipa yenye mifuniko. Nyumbani vivyo hivyo: usichajie simu juu ya meza yenye makombo, wala usiweke waya wa kuongezea soketi chini ya kitanda ambapo watoto hula miwa. Vuta friji mbele mara moja kwa mwezi, ikiwa imechomolewa, ufagie nyuma yake. Friji nyingi zina kisahani cha maji huko nyuma, karibu na mota yenye joto. Hapo mende hupata maji na joto pamoja.

Saba, kata matawi yanayogusa paa, maana ndiyo barabara ya panya wa dari. Nyaya za dari na za kutoka kwenye paneli zipite katika bomba gumu, na midomo ya bomba izibwe.

Nane, wenye mashine za kusaga watazame lile sanduku la kuwashia mota. Unga huingia humo, na unga ni karamu ya panya na mende. Mlango wa sanduku hilo ufungwe daima, na fundi alisafishe akiwa amekata umeme.

PANYA AKISHA KUTAFUNA

Ukiona waya umetafunwa, usiuguse wala usiufunge kwa nailoni ya mfuko. Zima swichi kubwa, waonye watoto, mwite fundi. Wenye sola mkumbuke jambo ambalo wengi hawalijui: paneli hutoa umeme mchana wote maadamu kuna mwanga, hata ukizima swichi ya ndani. Waya wa paneli uliotafunwa juu ya paa una hatari jua likiwaka, basi msimpandishe kijana juu ya bati kwenda kuufunga.

Ukisikia harufu ya plastiki kuungua, zima umeme ikiwa waweza kuifikia swichi salama. Moto ukiwaka, watoe watu kwanza. Usimwage maji juu ya moto wa umeme ambao haujakatwa. Maji yatauleta umeme mpaka mkononi mwako. Mali hununuliwa tena.

Mavi ya panya nayo yasifagiwe makavu, maana vumbi lake laweza kuleta magonjwa. Chumbani yaloweshe kwa maji yenye klorini, ngoja kidogo, kisha pangusa huku umejifunga kitambaa puani na kuvaa mifuko ya mikono. Lakini ndani ya chombo cha umeme usitie maji. Hayo mwachie fundi na brashi yake kavu.

Mwisho, tumia faida ya swichi ndogo inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Fundi akuwekee iliyo na alama ya miliampia 30, na mbonyeze kile kitufe chake cha majaribio mara kwa mara. Hiyo haimzuii panya, lakini panya akifanya yake, yaweza kuokoa roho ya mtoto.

MAMA YULE ALIRUDI

Juma lililofuata chanjo mpya zilikuja katika sanduku la barafu. Inveta mpya ilikuwa imewashwa, tundu zote zimezibwa, nami nilikuwa nimeipitisha penseli yangu kila mahali mara tatu. Akina mama wakarudi. Nilimtafuta kwa macho yule aliyeondoka kimya, na nilipomwona nikamwendea.

"Mama, nisamehe. Juma lile kosa lilikuwa langu. Niliacha tundu wazi."

Akanitazama kidogo, akasema, "Mwalimu, tumetembea saa tatu kuja, saa tatu kurudi, na leo tena saa tatu. Ukiona tundu, ziba siku hiyo hiyo."

Sikuwa na la kuongeza, na sasa pia sina. Somo lote la leo ni hilo neno la mama yule.

Nina ombi moja tu kwenu, wasomaji. Jumamosi hii, mmoja katika kila nyumba achukue penseli. Azunguke nyumba: soketi, swichi, nyuma ya friji, pembe za dari, chumba cha betri, mahali waya unapoingia ukutani. Asiitie penseli ndani ya soketi wala ndani ya chombo. Aipime katika kuta, milango na mapito ya waya tu, na tundu za chombo azitazame kwa macho. Ahesabu mahali panapopitika, aandike. Kisha aanze na la kwanza. Watoto wa darasa la tano waweza kuhesabu na kuandika, ila wasiguse waya.

Mkimaliza, niandikieni mmekuta matundu mangapi. Mimi katika ofisi moja tu nilikuta 11. Mkinishinda, nitayaandika hapa, nanyi mtakuwa mmeziba njia nyingi kuliko karani wenu.

Haya, kwaherini mpaka juma lijalo.

Wenu,
Karani